Mota Haizunguki au Haizimi: Kutafuta Hitilafu Katika Saketi ya Transista ya Mashine ya Kukamulia Asali

Wafugaji nyuki wa Tabora wanaotumia mizinga ya fremu huhitaji pipa la kuzungushia fremu, ili asali irushwe kutoka kwenye masega bila masega yenyewe kuvunjwa. Huko Uyui, Sikonge na Urambo, ambako mizinga huwa mbali na nguzo za umeme, pipa hilo mara nyingi huendeshwa kwa mota ya waipa ya gari, mnyororo wa baiskeli na betri ya volti 12 inayochajiwa kwa paneli ya sola. Mota ya waipa huzunguka kiasi cha mara 45 kwa dakika katika kasi ndogo na kiasi cha mara 65 katika kasi kubwa, kwa hiyo ukifunga gia ya meno 48 upande wa mota na ya meno 16 upande wa pipa, fremu zitazunguka kati ya mara 135 na 195 kwa dakika. Swichi ya kawaida ingetosha kuwasha na kuzima, lakini sega jipya lililojaa asali likizungushwa ghafla hupasuka, na ndiyo maana mafundi huweka transista katikati, yaani swichi ya kielektroniki inayotii amri ndogo ya umeme, ili kasi ipandishwe kidogo kidogo.

Mashine kama hiyo ikigoma, transista ndiyo hulaumiwa kwanza. Hubadilishwa, mashine hufanya kazi kwa dakika chache, kisha transista mpya nayo huungua. Katika kazi hizi nimejifunza kuichukulia transista iliyoungua kama majeruhi: kuna kitu kilichoiumiza, na kama kitu hicho hakijapatikana, fedha ya transista ya pili imepotea. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo, yaani transista yenyewe huja baada ya betri, nyaya, mota na amri kupimwa.

Saketi yenyewe

Saketi ninayokutana nayo kwa wingi ni hii. Chanya ya betri hupita kwenye fyuzi ya ampea 10 na kuingia kwenye mota. Kutoka kwenye mota, umeme huingia kwenye dreni ya mosfeti (aina ya transista yenye miguu mitatu: geti, dreni na sosi), hutokea kwenye sosi, kisha hurudi kwenye hasi ya betri. Geti la mosfeti hupokea amri kutoka kwenye bodi ndogo ya udhibiti, kwa mfano Arduino Uno, kupitia rezista ya omu 220, na rezista nyingine ya omu 10,000 huunganisha geti na sosi ili geti lishuke hadi sifuri wakati hakuna amri. Diodi, inayopitisha umeme upande mmoja tu, huwekwa sambamba na mota, upande wake wenye mstari ukielekea chanya. Hasi ya bodi ya udhibiti huunganishwa na hasi ya betri. Aliyetumia transista ya kawaida badala ya mosfeti asome beisi mahali pa geti, kolekta mahali pa dreni na emita mahali pa sosi. Tofauti ya msingi kati ya aina hizi mbili ni kwamba beisi hunywa mkondo muda wote transista ikiwa imewashwa, wakati geti huhitaji volti tu, na mkondo wake hupita kwa nukta ndogo ya muda wakati wa kuwasha na kuzima.

Hatua ya kwanza: maandalizi na usalama

Ondoa fremu zote ndani ya pipa, vua mnyororo kwenye gia, na uhakikishe kwamba hakuna mkono wala kitambaa karibu na mota. Volti 12 haziwezi kumdhuru mtu kwa kumgusa, lakini mota inayoanza yenyewe ina nguvu ya kuvunja kidole, na wakati wa kutafuta hitilafu mota huanza yenyewe mara nyingi kuliko mtu anavyotarajia. Usiondoe fyuzi na kuweka waya mahali pake hata kwa dakika moja. Betri ya gari ikipata shoti hutoa mamia ya ampea, na waya mwembamba huwaka moto kabla hujapata nafasi ya kuuchomoa.

Vifaa vinavyohitajika ni mita ya kupimia umeme yenye tundu la ampea 10, pasi ya kulehemu, bisibisi, waya mfupi wenye vibanio pande zote mbili, na globu moja ya breki ya gari yenye wati 21. Globu hiyo ni kifaa muhimu kuliko inavyoonekana. Ikifungwa mahali pa mota hunywa kiasi cha ampea 1.75, hairushi mikurupuko ya volti inapozimwa, na huonyesha kwa macho kama transista imewaka kamili, imewaka nusu au imezimika. Mimi sifungi mota kwenye saketi niliyoitengeneza kabla globu haijawaka na kuzima vizuri.

Hatua ya pili: chora saketi kama ilivyo

Chukua karatasi na uchore saketi kama ilivyo mbele yako, ukifuata waya mmoja baada ya mwingine, hata kama aliyeijenga amekueleza alivyoiunganisha. Hapa ndipo makosa mengi ya mkono hujitokeza: diodi iliyogeuzwa, hasi ya bodi ambayo haijaungana na hasi ya betri, na hasa miguu ya transista iliyopishana.

Jambo la miguu linahitaji uangalifu wa pekee. Ukiishika IRFZ44N maandishi yakikutazama, kutoka kushoto miguu ni geti, dreni, sosi, na bati lake la nyuma limeungana na dreni. TIP122 nayo ni beisi, kolekta, emita, na bati lake ni kolekta. Kwenye transista ndogo za plastiki hali ni ngumu zaidi: PN2222A, upande tambarare ukikutazama, huanza na emita, beisi, kisha kolekta, wakati P2N2222A, ambayo jina lake hutofautiana kwa tarakimu moja tu, hupangwa kinyume chake, yaani kolekta, beisi, emita. Mtu akitegemea mchoro wa moja kufunga nyingine, saketi itafanya kazi kwa unyonge au isifanye kazi kabisa, na transista haitakuwa na kosa lolote. Soma karatasi ya mtengenezaji ya transista hiyo hasa uliyonayo mkononi.

Hatua ya tatu: betri na nyaya

Betri nzima iliyojaa, ikiwa haijafungwa mzigo, huonyesha kiasi cha volti 12.6. Kipimo hicho peke yake hakitoshi, kwa kuwa betri iliyochoka pia inaweza kuonyesha volti 12.5 ikiwa imepumzika, kisha ikaporomoka hadi 9 mara mota inapoanza. Kwa hiyo pima tena mzigo ukiwa umewashwa. Ikiwa volti za betri zinashuka chini ya 11.5 kwa mota inayovuta ampea nne au tano tu, tafuta betri nyingine kabla ya kuendelea.

Kisha pima kwenye ncha za mota zenyewe, nyuma ya nyaya zote. Waya wa shaba wa milimita 0.5 za mraba una ukinzani wa takriban omu 0.034 kwa kila mita. Betri ikiwa umbali wa mita sita kutoka kwenye pipa, kwenda na kurudi ni mita 12, yaani omu 0.41, na ampea tano zikipita hapo volti mbili nzima hupotelea njiani. Kwa waya wa milimita 2.5 za mraba, upotevu kwa urefu huohuo hauzidi nusu volti. Vibanio vya betri vyenye unga wa kijani navyo hula volti kwa namna hiyohiyo. Nimeona mashine ikisemekana ina transista dhaifu, kumbe waya wa spika ndio uliotumika kubebea umeme wa mota.

Hatua ya nne: mota peke yake

Tenganisha mota na saketi, uifunge moja kwa moja kwenye betri kupitia fyuzi. Ikiwa haizunguki, transista haihusiki. Fungua mota uangalie kaboni kama zimeisha, na uangalie kama asali au nta imepenya na kugandisha ekseli. Asali iliyokauka hushika kama gundi, na mota inayozunguka kwa shida huvuta mkondo mkubwa unaokwenda kuiumiza transista baadaye.

Ikizunguka, pima mkondo wake kwa kuiunganisha mita mfululizo katika tundu la ampea 10. Usiache mita hapo zaidi ya sekunde kumi, na usianze kupima wakati mota inaanza kuzunguka, kwa sababu mkurupuko wa mwanzo unaweza kukata fyuzi ya mita. Mota ya waipa isiyo na mzigo kwa kawaida huvuta ampea mbili au tatu, ikiwa na mzigo huvuta nne au tano, na ikishikwa isizunguke inaweza kuvuta 15 hadi 20. Andika namba ulizozipata, kwa kuwa hesabu zote za hatua zinazofuata zinazitegemea. Transista iliyochaguliwa kwa kutazama mkondo wa mota isiyo na mzigo itaungua siku ya kwanza fremu zitakapojaa.

Hatua ya tano: iruke transista

Rudisha mota kwenye saketi. Amri ikiwa imezimwa, chukua waya mfupi uunganishe dreni na sosi. Kwa kufanya hivyo unaifanyia transista kazi yake kwa mkono. Mota ikizunguka vizuri, basi betri, fyuzi, nyaya na mota ni vizima, na tatizo limebaki kwenye transista au kwenye amri inayoifikia. Ikikataa kuzunguka, rudi hatua mbili nyuma, kwa sababu hakuna transista yoyote itakayoisaidia.

Hatua ya sita: vipimo vitatu

Sasa iamuru bodi iwashe mota kwa kasi kamili. Kasi ya katikati hupatikana kwa kuwasha na kuzima haraka, takriban mara 490 kwa sekunde kwenye pini nyingi za Arduino Uno, na mita ya kawaida itakupa wastani tu ambao haufasiriki kwa urahisi. Kwa kasi kamili, pima volti kati ya geti na sosi, kisha kati ya dreni na sosi, kisha kati ya ncha mbili za mota. Kipimo cha pili na cha tatu vikijumlishwa vinapaswa kukaribia volti za betri. Pengo likiwa kubwa, kuna waya au kiungo kinachokula volti ambacho hukukiona katika hatua ya tatu.

Geti likionyesha sifuri, amri haifiki. Chomoa waya wa geti upime pini ya bodi peke yake. Ikiwa sasa inaonyesha volti tano, geti la mosfeti limepasuka ndani na linaivuta amri chini, na utalazimika kubadilisha mosfeti. Ikiwa pini bado ni sifuri, kosa liko kwenye programu au pini imeungua. Pima pia kati ya hasi ya bodi na sosi: ukikuta volti kadhaa badala ya kiasi kilicho karibu na sifuri, hasi hizo mbili hazijaungana, na geti haliwezi kujua volti tano zinahesabiwa kutoka wapi.

Geti likipata volti zake zote huku kati ya dreni na sosi kukiwa na volti 12, mosfeti imekatika, au miguu yake imepishana, au sosi haijafika kwenye hasi. Kati ya dreni na sosi kukiwa na chini ya volti 0.3 na mota ikipata zaidi ya 11.5, mosfeti inafanya kazi yake vizuri kabisa na unapaswa kuiacha.

Kinachosumbua zaidi ni hali ya katikati, ambapo dreni na sosi zina volti mbili, tatu au nne kati yake. Transista imewaka nusu. Mota inazunguka kwa unyonge, na transista ina joto la kutosha kuunguza ngozi.

Kwa transista ya kawaida namba hubadilika: beisi na emita huwa na kiasi cha volti 0.7, na kolekta na emita kiasi cha 0.2 ikiwa imewaka kamili kwa mkondo mdogo. Aina ya TIP122, ambayo ndani yake zimo transista mbili zinazofuatana, huonyesha kiasi cha volti 1.4 au zaidi kwenye beisi, na kolekta yake haishuki chini ya volti moja hivi hata ikiwa nzima. Ukikuta volti tano kamili kati ya beisi na emita, kiungo cha ndani kimekatika.

Hatua ya saba: transista inapowaka nusu

Joto la transista ni zao la volti zilizobaki juu yake na mkondo unaopita ndani yake. Mkondo ukiwa ampea nne na volti zilizobaki zikiwa 2.5, joto ni wati kumi. Mosfeti ya umbo la IRFZ44N isiyo na bati la kupozea hupanda takriban nyuzi 62 za Selsiasi kwa kila wati moja, na kikomo chake ni nyuzi 175. Alasiri ya Oktoba mjini Tabora, hewa ikiwa nyuzi 32, mosfeti hiyo inaweza kuvumilia wati 2.3 na si zaidi. Wati kumi zitaiua ndani ya muda mfupi. Lakini mosfeti hiyohiyo ikiwaka kamili ina ukinzani wa omu 0.0175, na kwa ampea nne joto lake ni wati 0.28, yaani hupanda nyuzi 17 tu na unaweza kuishika kwa vidole. Kwa hiyo kabla ya kutafuta bati kubwa zaidi, uliza kwa nini haiwaki kamili.

Sababu ya kwanza ni volti za geti. Karatasi ya IRFZ44N huahidi ukinzani huo mdogo kwa volti kumi kwenye geti, na husema kwamba mosfeti huanza tu kufunguka mahali fulani kati ya volti mbili na nne. Bodi ya volti tano huiacha katika hali isiyo na uhakika: moja itafanya kazi vizuri, na nyingine kutoka mfuko uleule itachemka. Ndiyo maana fundi mmoja huapa kwamba inafaa na mwingine huapa kwamba haifai, na wote wamesema waliyoyaona. Tumia IRLZ44N, ambayo imetengenezwa kufunguka vizuri kwa volti tano. Herufi L ndiyo inayobeba tofauti hiyo, na dukani mtu asiyeijua atakupa yoyote kati ya hizo mbili.

Kwa transista ya kawaida, sababu ni uhaba wa mkondo wa beisi. TIP31C huandikwa ampea tatu, na watu huishia hapo kusoma. Lakini kwa ampea tatu inaweza kukuza mkondo mara kumi tu, na mtengenezaji huipima ikiwa imewaka kamili kwa kuipa beisi miliampea 375. Pini ya Arduino Uno haifai kutoa zaidi ya miliampea 20. Hakuna rezista ya beisi itakayoziba pengo hilo. Hata kwa mota ndogo ya nusu ampea hesabu haikubali: chukua moja ya ishirini ya mkondo wa mota, yaani miliampea 25, na hapo tayari pini imepita kiasi. TIP122 huhitaji mkondo mdogo sana wa beisi, lakini hulipiza kwa volti zake zisizoshuka. Kwa ampea nne itatoa wati nane hivi, na bila bati la kupozea inaweza kustahimili chini ya wati mbili. Kwa mota ya waipa naona mosfeti ni chaguo sahihi, na sioni sababu ya kuanza ujenzi mpya kwa TIP122.

Hatua ya nane: mota isiyozima

Nichukue muda hapa, kwa sababu hitilafu hii ilinishinda kwa siku nzima katika banda la kikundi kimoja cha wafugaji nyuki, upande wa barabara ya Sikonge. Mota ilikuwa ikizunguka kwa nguvu zote mara betri ilipofungwa, bila amri yoyote. Mosfeti yenye shoti kati ya dreni na sosi huleta dalili hiyohiyo, kwa hiyo niliibadilisha. Nikabadilisha ya pili, kisha ya tatu. Mwisho nikaiondoa kabisa kwenye bodi, na mota ikaendelea kuzunguka. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba umeme ulikuwa na njia nyingine ya kurudi.

Mota nyingi za waipa hazina waya wa hasi. Hasi yake ni bodi la mota lenyewe, yaani kasha lake la chuma, kwa kuwa kwenye gari bodi hilo hufungwa kwenye chasisi. Katika saketi yetu transista imekaa upande wa hasi, na hivyo bodi la mota ndilo linaloungana na dreni. Mtu alikuwa amebana hasi ya betri kwenye fremu ya pipa, yaani kiunzi cha chuma kinacholibeba, kama inavyofanyika kwenye gari, na mota imefungwa kwa boliti kwenye fremu hiyohiyo. Mkondo ulitoka kwenye mota ukapita kwenye chuma na kurudi betrini bila kuigusa transista. Tulijaribu kuweka mpira chini ya mota na kuzunguka boliti, lakini haikusaidia, kwa sababu mnyororo wa chuma uliendelea kuunganisha ekseli na pipa.

Kwa hiyo mota isipozima, anza kwa kuiondoa transista kabisa. Ikiendelea kuzunguka, pima ukinzani kati ya bodi la mota na kila waya wake, kisha kati ya fremu na hasi ya betri. Ukiondoa tu kibanio cha hasi kwenye fremu, mashine itatii, lakini mimi siishii hapo. Fremu itabaki imeungana na dreni, na siku waya wowote wa hasi utakapogusa chuma cha pipa, mota itaanza ghafla wakati mtu ana mkono ndani akitoa fremu za masega.

Njia salama ni kuhamishia transista upande wa chanya na kuiacha fremu ya pipa ibaki hasi. Tumia mosfeti ya aina ya P, kwa mfano IRF4905: sosi kwenye chanya ya betri baada ya fyuzi, dreni kwenye waya wa chanya wa mota. Rezista ya omu 1,000 huunganisha geti na chanya ili mosfeti ibaki imezimwa. Transista ndogo kama BC547, emita ikiwa kwenye hasi, huvuta geti chini inapopata amri kutoka kwenye bodi kupitia rezista ya omu 4,700. Amri ikiwepo mota huzunguka, amri ikikosekana mota husimama, na geti hupata volti 12 nzima, jambo linalomaliza pia tatizo la kuwaka nusu. Usiweke omu 10,000 mahali pa omu 1,000: geti la mosfeti kubwa litachelewa kupanda, na kwa kasi ya katikati kila ucheleweshaji hugeuka joto. Diodi hapa hutoka hasi kwenda kwenye waya wa chanya wa mota, mstari ukielekea mota.

Mota ikisimama baada ya kuondoa transista, basi chanzo ni transista yenye shoti au geti linaloelea. Geti lisilo na rezista ya omu 10,000 kwenda kwenye sosi hubaki na chaji yake, na linaweza kuwasha mota kwa kuguswa tu na kidole, au katika sekunde zile bodi inapoanza kuamka na pini zake bado hazijapangiwa kazi.

Hatua ya tisa: transista inayokufa mara kwa mara

Waya ulioviringishwa ndani ya mota huhifadhi nishati, na mkondo ukikatwa ghafla nishati hiyo hutafuta pa kutokea kwa kupandisha volti. Bila diodi, volti hupita kwa urahisi 55 ambazo ndizo kikomo cha IRFZ44N. Pima diodi ikiwa nje ya saketi kwa kipimo cha diodi: upande mmoja isome kati ya 0.2 na 0.7, upande mwingine isisome kitu. Ikisoma pande zote imeshapata shoti, na isiposoma popote imekatika, nayo transista imekuwa ikifanya kazi bila kinga.

Diodi ya 1N4007, inayopatikana kila mahali, hubeba ampea moja, na tena ni ya polepole. Kwa mota inayoendeshwa kwa kuwasha na kuzima haraka, mkondo wa mota hupita kwenye diodi kila mara transista inapozima, kwa hiyo diodi inapaswa kuwa na uwezo unaolingana na mota. Mimi hutumia MBR1045, ya ampea kumi na volti 45, ambayo hufunguka na kufunga haraka. Iweke karibu na saketi, nyaya zake zikiwa fupi.

Ikiwa diodi ni nzima na joto ni la kawaida, angalia kama pipa hukwama. Mota iliyoshikwa huvuta hadi ampea 20, na fyuzi ya ampea 10 inaweza kuchelewa sekunde kadhaa kabla ya kukatika. Pia kuna mosfeti bandia zilizofutwa maandishi na kuandikwa upya. Ukiona mpya ina joto kubwa ilhali volti za geti ni sahihi na mkondo ni mdogo, jaribu nyingine kutoka duka jingine.

Bodi ya udhibiti inayojizima na kujiwasha mota inapoanza haina uhusiano na transista. Lehemu kapasita ya nanofaradi 100 kwenye ncha za mota, weka nyingine ya maikrofaradi 1,000 kwenye mlango wa umeme wa bodi, na uipe bodi waya wake wa hasi unaokwenda moja kwa moja betrini.

Hatua ya kumi: kupima mosfeti nje ya saketi

Weka mita kwenye kipimo cha diodi. Kwa mosfeti ya aina ya N, shoti miguu yote kwa kidole ili geti litoe chaji, kisha weka ncha nyeusi kwenye dreni na nyekundu kwenye sosi: utapata kiasi cha 0.4 hadi 0.6, ambayo ni diodi iliyomo ndani. Geuza ncha, isisome kitu. Sasa, ncha nyeusi ikiwa kwenye sosi, gusa geti kwa ncha nyekundu, kisha irudishe kwenye dreni. Mosfeti nzima mara nyingi itasoma karibu sifuri, kwa kuwa geti limehifadhi chaji. Gusa geti na sosi kwa kidole kwa pamoja, nayo itafunga tena. Inayosoma karibu sifuri kabla ya geti kuguswa imekufa.

Kurudisha mashine kazini

Funga globu mahali pa mota, uwashe, uzime, upandishe kasi kidogo kidogo, ukitazama mwanga wake. Kisha funga mota bila mnyororo kwa dakika tano. Kisha funga mnyororo na pipa tupu. Mwisho weka fremu zilizojaa, mbili zinazokabiliana na zenye uzito unaokaribiana, uendeshe kwa dakika kumi huku ukipima volti kati ya dreni na sosi kila zikipita dakika mbili. Namba hiyo ikipanda polepole, transista inazidi kupata joto, na bati la kupozea linahitajika. Ikibaki palepale, funga boksi, uzibe matundu ili nyuki na vumbi visiingie, na ubandike ule mchoro wa hatua ya pili, ukiwa umesahihishwa, ndani ya kifuniko cha boksi.